Stella Kramrisch na Sanaa ya India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili wanaokutana na jina la Stella Kramrisch katika masomo ya historia ya sanaa, dini za Asia au usanifu wa majengo, na hawajui waanzie wapi. Nimeanza na maisha yake, nikaja kwenye vitabu, kisha lawama, na mwishowe mahali pa kuona vitu vyenyewe. Ninampenda sana mwandishi huyu, na kwa sababu hiyohiyo sitamficha pale alipopungukiwa.

Stella Kramrisch alikuwa nani?

Mwanahistoria wa sanaa aliyezaliwa tarehe 29 Mei 1896 huko Nikolsburg, mji mdogo wa Moravia uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Mikulov na upo Jamhuri ya Czech. Alifariki Philadelphia, Marekani, tarehe 31 Agosti 1993, akiwa na umri wa miaka 97. Kati ya hapo aliishi India kwa zaidi ya robo karne, akafundisha Calcutta (leo Kolkata), London, Philadelphia na New York. Ukifungua leo kitabu chochote kizito kuhusu hekalu la Kihindu utamkuta humo, ama kama mwalimu wa mwandishi, ama kama mtu anayebishiwa.

Msichana wa Ulaya ya Kati aliingiaje katika mambo ya India?

Utotoni alifundishwa kucheza bale, ile dansi ya jukwaani ya Ulaya. Jambo hilo lishike, maana litarudi. Familia ilipohamia Vienna, akiwa bado kijana, alikutana na tafsiri ya Bhagavad Gita, maandiko matakatifu ya Kihindu, na kuanzia hapo India haikumtoka moyoni. Katika Chuo Kikuu cha Vienna alisoma historia ya sanaa chini ya Max Dvořák na Josef Strzygowski, akajifunza na Kisanskriti. Mwaka 1919 alipata shahada ya uzamivu kwa tasnifu kuhusu michongo ya kale ya Kibudha ya Bharhut na Sanchi.

Tasnifu hiyo aliiandika kabla hajakanyaga ardhi ya India. Alipata nafasi ya kwenda Uingereza, na mhadhara wake wa Oxford ukasikilizwa na Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengali aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Tagore akamwalika kufundisha Santiniketan, mahali alipokuwa anajenga chuo chake kipya cha Visva-Bharati. Kufikia 1922 Kramrisch alikuwa huko, mwanamke wa miaka 26, akiwafundisha vijana wa Kibengali sanaa ya Ulaya na sanaa yao wenyewe.

Kabla yake Ulaya iliionaje sanaa ya India?

Kwa dharau, mara nyingi. Mwaka 1910, mbele ya wasomi wenzake jijini London, Sir George Birdwood aliizungumzia sanamu ya Buddha aliyeketi katika tafakuri. Akasema pudingi ya mafuta iliyochemshwa ingefaa vilevile kuonyesha utulivu wa roho. Birdwood alizaliwa India, akafanya kazi Bombay miaka mingi, na aliheshimiwa kama mjuzi wa kazi za mikono za nchi hiyo. Kama mjuzi alisema hivyo, wengine walisemaje? Sanamu zilizosifiwa zilikuwa hasa za Gandhara, upande wa kaskazini-magharibi, kwa kuwa mikunjo ya mavazi na sura zake zilifanana na za Wagiriki. Miungu wenye mikono minne au vichwa vitatu waliwekwa kwenye fungu la vituko.

Kramrisch hakuwa wa kwanza kujibu. E. B. Havell, aliyewahi kuongoza shule ya sanaa ya serikali Calcutta, alikuwa ameshapambana, na Ananda Coomaraswamy, msomi ambaye baba yake alikuwa Mtamil wa Ceylon (leo Sri Lanka) na mama yake Mwingereza, alikuwa ameandika kwa ukali na kwa elimu nyingi. Hawa wawili walitetea zaidi mawazo yaliyo nyuma ya sanamu. Kramrisch alianza na jicho. Alitaka kujua mmea wa mayungiyungi uliochongwa kwenye uzio wa Bharhut unatambaaje, unavimba wapi, unarudi wapi, na kwa nini watu, wanyama na majani waliomo wote wanaonekana kuwa mwendo mmoja.

Chukua sanamu ya Buddha wa Sarnath ya karne ya 5. Kifuani hakuna misuli. Mishipa haionekani, na goti halina mfupa unaojitokeza. Aliyezoea sanamu za Kigiriki atasema fundi hakujua maumbile ya mwili. Kramrisch alionyesha kwamba fundi alikuwa anachonga pumzi. Ngozi ya jiwe imevutika sawasawa kila upande kwa sababu mwili umejaa prana, uhai unaoingia na kutoka kwa pumzi, kama wanavyouelewa watu wa yoga. Ukishaonyeshwa hilo mara moja, ni vigumu kuitazama tena sanamu ile kwa macho ya Birdwood.

Bale inahusiana nini na haya?

Inahusiana sana, na ndiyo maana sikubaliani na wanaoitaja kama pambo la wasifu wake. Mwaka 1924 alichapisha tafsiri ya sehemu ya Vishnudharmottara, maandishi ya kale ya Kisanskriti, inayohusu uchoraji na sanamu, akaitoa tena mwaka 1928 ikiwa imerekebishwa. Humo Mfalme Vajra anamwendea mwenye hekima Markandeya, anaomba afundishwe kutengeneza sanamu za miungu. Anajibiwa kwamba hawezi kuelewa sanamu bila kujua uchoraji. Basi nifundishe uchoraji, anasema mfalme. Huwezi kujua uchoraji bila kujua kucheza. Basi kucheza. Huwezi bila ala za muziki, na ala nazo huziwezi bila kuimba. Mfalme aliyekuja kutaka kuchonga anajikuta ameanza na sauti.

Fikiria maneno hayo yakisomwa na mtu aliyejifunza kusimama kwa ncha za vidole tangu utotoni. Kramrisch alipoandika kuhusu sanamu iliyopinda kiunoni, uzito mguu mmoja, kichwa upande wa pili, aliandika kama mtu anayejua kwa mwili wake uzito huo unakaa wapi.

Tafsiri yenyewe imezeeka. Alitegemea chapa ya Kisanskriti yenye makosa mengi, na mwaka 2001 Parul Dave Mukherji alitoa chapa mpya iliyolinganisha hati nyingi zaidi na kurekebisha mahali pengi. Anayetaka kunukuu maandishi hayo kitaaluma atumie hiyo mpya.

Alifanya nini Calcutta?

Alifundisha sanaa ya India katika Chuo Kikuu cha Calcutta kuanzia 1924 hadi 1950, mwanamke na mgeni katika baraza la wanaume. Kuanzia 1933 alihariri, pamoja na mchoraji Abanindranath Tagore, jarida la Jumuiya ya India ya Sanaa ya Mashariki, na juzuu zake hadi leo ni hazina. Katika miaka ya mwisho ya thelathini alikuwa pia akifundisha katika Taasisi ya Courtauld, London.

Lakini kuna tukio la Desemba 1922 ambalo lingetosha kumfanya akumbukwe hata kama asingeandika kitabu kimoja. Alimwandikia Johannes Itten, mwalimu wa shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, na kazi za shule hiyo zikapakiwa kuletwa Calcutta. Kazi za karatasi za Wassily Kandinsky, Paul Klee, Lyonel Feininger na wenzao zilionyeshwa pamoja na za Abanindranath, kaka yake Gaganendranath, Sunayani Devi na wachoraji wengine wa Bengali. Bauhaus yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Miji mingi ya Ulaya ilikuwa haijaona maonyesho ya namna hiyo, na Calcutta iliyaona.

Kramrisch aliitazama sanaa ya India kama kitu kilicho hai, na hili watu hulisahau. Mwaka huohuo wa 1922 aliandika makala kuhusu Gaganendranath, akimweleza kama mchoraji wa Kihindi wa kubizimu, mtindo wa kuvunja picha kuwa vipande vyenye pembe, akionyesha jinsi Mbengali huyu alivyochukua vipande na pembe za wachoraji wa Paris na kuvitia mwanga na hadithi ambazo Paris haikuwa nazo. Hakumlaumu kwa kuacha mila, wala hakumsifu kwa kuwaiga Wazungu. Baadaye aliandika pia juu ya Sunayani Devi, mwanamke aliyejifunza kuchora nyumbani mwake.

Kitabu chake cha hekalu kinasema nini?

"The Hindu Temple" kilichapishwa na Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1946, juzuu mbili kubwa, na picha za Raymond Burnier, Mswisi aliyepiga picha nzuri mno za mahekalu ya India ya kati. Ndicho kitabu chake maarufu kuliko vyote, na ndicho kigumu kuliko vyote.

Hoja yake inaanzia ardhini. Kabla jiwe halijawekwa, kuhani na mjenzi huchora mraba na kuugawa katika vyumba vidogo, mara nyingi 64 au 81. Huu ndio mandala wa Vastupurusha. Katika masimulizi, Vastupurusha ni kiumbe mkubwa aliyetisha mbingu na nchi, hadi miungu wakamwangusha kifudifudi na kumkalia, kila mmoja mahali alipomshika. Kwa hiyo miungu 45 wana vyumba vyao juu ya mwili wake, kichwa kikiwa kaskazini-mashariki, na Brahma, mungu muumbaji, amekaa katikati. Katika mraba wa vyumba 81 Brahma ana vyumba 9. Katika ule wa 64 ana 4. Hekalu linajengwa juu ya mwili huo. Kabla halijawa na ukuta limeshakuwa na mwili.

Kutoka hapo Kramrisch anapanda juu. Katikati kuna garbhagriha, chumba cha tumbo la uzazi: kidogo, chenye giza, kuta zake mara nyingi tupu kabisa. Juu yake unapanda mnara unaoitwa shikhara, yaani kilele cha mlima, na mahekalu mengi yameitwa kwa majina ya Meru na Kailasa, milima ya miungu. Basi anayeingia anaingia pangoni, na juu ya pango kuna mlima. Nje, kuta zimejaa sanamu, mamia kwa mamia, kama unavyoziona katika Kandariya Mahadeva, hekalu la Khajuraho la karne ya 11 lenye mnara wa takriban mita 31. Mgeni hujiuliza kwa nini pambo lote liko nje na patakatifu pakaachwa patupu. Jibu la Kramrisch ni kwamba nguvu inatoka katikati, inapenya ukuta, na inapofika nje inachukua sura. Sanamu zilizo ukutani ni yule mmoja asiye na umbo wa chumbani, akijitokeza kila upande kwa yule anayezunguka. Na anayezunguka, akiwa na hekalu mkono wake wa kulia, anausoma mlima kwa miguu.

Sijui mtu mwingine aliyeandika kabla yake akaweza kuviunganisha vitu hivi vyote: ibada ya Veda (maandiko ya kale kabisa ya Kihindu) na madhabahu yake ya matofali, hesabu ya mraba, mnara, giza la ndani, na mwendo wa mwenye kuabudu. Wengine walikuwa wanahesabu nguzo na kupanga nasaba za wafalme. Kazi hiyo ni muhimu, lakini haijibu swali la mtoto wa darasa la kwanza: hili jengo ni la nini?

Mbona kuna wanaosema alikosea?

Kwa sababu alikosea mahali, na lawama nyingine ni za haki kabisa.

Lawama ya kwanza ni ya wakati. Katika "The Hindu Temple" Veda, Brihat Samhita ya karne ya 6, na vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa karne nyingi baadaye vinanukuliwa ukurasa mmoja kana kwamba vinasema kwa sauti moja. Hekalu la karne ya 7 linafafanuliwa kwa maandishi ya karne ya 11. Msomaji anaweza kumaliza kitabu akidhani kuna hekalu moja tu la milele, wakati mafundi wa Orissa, Gujarat na nchi ya Watamil walibishana kwa mawe, wakajaribu, wakashindwa, wakabuni upya.

Ya pili ni ya watu. Mfalme aliyetaka jina hayumo. Hayumo mfanyabiashara aliyetoa fedha, mchonga mawe aliyelipwa, wala mtu wa tabaka lililodharauliwa aliyezuiwa asivuke lango. Hekalu lilikuwa pia na mashamba, ghala, kodi na madaraka. Hili kwangu ndilo pengo kubwa kuliko yote. Ukilieleza hekalu kama mwili wa mungu bila kutaja nani alikatazwa kuingia katika mwili huo, umeacha nje jambo ambalo maelfu ya watu walilijua vizuri kuliko mandala.

Ya tatu ni swali la kipimo: je, mafundi kweli waliutumia ule mraba? Hapa mjadala umekuwa wa faida. Mwaka 1979 Michael Meister alichapisha utafiti wa mahekalu ya kaskazini aliyoyapima, akaonyesha kwamba katika baadhi yake mgawanyo wa mraba unasomeka katika unene wa kuta na upana wa chumba cha ndani. Kwa hiyo Kramrisch, ambaye alitegemea zaidi maandishi na macho yake, alipata shahidi mwenye futi ya kupimia. Miaka ya baadaye Sonit Bafna alionya kwamba mandala ilikuwa zaidi kitu cha ibada na cha mawazo kuliko ramani ya kuchorea jengo. Naona wote wawili wanafaa kusomwa pamoja naye. Mwanafunzi anayemsoma Kramrisch peke yake atapata maono na kukosa ushahidi; akiwasoma wapimaji peke yao atajua sentimita zote na asijue watu walipita pale kutafuta nini.

Kuna pia suala la mwalimu wake. Strzygowski alimfungulia dunia nje ya Roma na Ugiriki, lakini aliamini mambo ya ubora wa mbari za kaskazini, na mawazo yake yalizidi kuwa mabaya kadiri miaka ilivyokwenda. Kramrisch alichukua kwake upana wa macho. Maisha yake yote aliyatumia kuthibitisha ukuu wa kazi za watu ambao mwalimu huyo asingewapa nafasi ya kwanza.

Kantha ni nini, na kwa nini zinatajwa kila anapotajwa?

Hapa ndipo ninapompenda zaidi, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo.

Kantha ni mfarishi wa vitambaa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa kwa mkono na wanawake wa Bengali. Kitambaa ni sari na dhoti (nguo za kiunoni za wanaume) zilizochakaa, zile ambazo zimefuliwa mpaka zimekuwa laini. Uzi wa rangi nao ulichomolewa kwenye pindo za sari hizohizo. Katikati huwekwa yungiyungi lililofunuka, na kwenye pembe nne miti au majani yaliyopinda. Nafasi inayobaki hujazwa dunia nzima: tembo, samaki, machela, mungu Krishna na wasichana wachunga ng'ombe, askari wa Kizungu, treni. Halafu mshonaji hupitisha uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mshono mdogomdogo wa kwenda mbele, ukizifuata picha na kuzizunguka, mpaka kitambaa kizima kinajikunja viwimbi vidogo kama maji ya ziwa upepo ukianza. Baadhi zina maneno yaliyoshonwa, kama leso zetu zinavyobeba jina: kantha ya nani, imeshonwa kwa ajili ya nani.

Kramrisch alizikusanya zikiwa bado vitu vya nyumbani ambavyo hakuna makumbusho makubwa yaliyovijali. Mwaka 1939 alichapisha makala juu yake katika jarida lake, akaipima kazi ya bibi wa kijijini kwa macho yaleyale aliyotumia kwa hekalu la mfalme. Alionyesha kwamba yungiyungi la katikati na miti ya pembeni linapanga anga la kitambaa kama mandala inavyopanga ardhi. Hakuwa peke yake: Gurusaday Dutt, ofisa wa serikali na mpenzi wa sanaa za vijijini, alikuwa akikusanya kantha Bengali katika miaka hiyohiyo, na mkusanyo wake uko katika makumbusho yenye jina lake karibu na Calcutta. Sifa iwafikie wote wawili, na kabla yao wale wanawake.

Uzi huohuo ulimfikisha kwenye maonyesho ya 1968 huko Philadelphia yaliyoitwa "Unknown India", aliyoyaandaa akishirikiana na Haku Shah, msanii na mtafiti wa Gujarat aliyewajua mafundi wa vijijini kwa majina na kwa lugha zao. Farasi wa udongo wa kutolea nadhiri, vitambaa vya mahekalu ya wasio na mahekalu, vinyago vya makabila ya milimani, vyote viliwekwa chini ya taa zilezile zinazowekewa shaba za wafalme wa Chola. Kwa makumbusho makubwa ya Marekani wakati ule, hilo lilikuwa jambo la ujasiri. Waliomlaumu kwa kuandika hekalu bila watu wa chini wangefaa kuitazama pia nusu hii ya kazi yake.

Kwa nini aliondoka India?

Mwaka 1929 aliolewa na Laszlo Nemenyi, mchumi wa Kihungari. Baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947 mumewe alikwenda kufanya kazi Pakistan, yeye akabaki Calcutta. Mwaka 1950 Nemenyi alikutwa amekufa kwa risasi ufukweni Karachi. Mwaka huohuo Kramrisch alikubali mwaliko wa W. Norman Brown, mwanzilishi wa masomo ya Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahamia Philadelphia. Kuanzia 1954 hadi 1972 alisimamia sanaa ya India katika Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, akaendelea kuitumikia idara hiyo kwa heshima hadi kufa kwake. Alifundisha pia New York mpaka alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 80.

Vipi kuhusu Shiva?

Mwaka 1981, akiwa na miaka 85 hivi, alitoa kitabu "The Presence of Siva" na pia maonyesho makubwa ya sanamu za Shiva yaliyofunguliwa Philadelphia kisha yakazunguka miji mingine ya Marekani. Kitabu kinaanza na Rudra, jina la kale la mungu Shiva, mwindaji mkali, akimlenga kwa mshale Prajapati, Baba wa viumbe, wakati Baba huyo anamwendea binti yake mwenyewe, Alfajiri. Mshale unachelewa kidogo. Mbegu inamwagika duniani, na kutokana na kosa hilo ulimwengu unaanza. Kramrisch anarudi kwenye tukio hilo mara kwa mara, kila mara akifungua tabaka jipya: mungu anayelinda ukamilifu ndiye anayefanya wakati uanze. Si kitabu cha mtu anayetaka muhtasari. Anasimulia kutoka ndani ya masimulizi, bila kusimama kando na kusema "Wahindu wanaamini kwamba". Wasomi wengine hilo liliwaudhi. Mimi naliona kama heshima.

Je, vitu alivyokusanya ni mali ya India?

Swali la haki, na sitaki kulikwepa. Kramrisch alinunua sanamu na vitambaa akiwa India, akavipeleka Marekani. Mwaka 1956 makumbusho ya Philadelphia yalinunua sehemu ya mkusanyo wake wa sanamu, na alipofariki vilivyobaki, pamoja na kantha, viliachwa hukohuko kwa wasia. Mkataba wa UNESCO juu ya biashara ya mali za utamaduni ulikuja mwaka 1970, na sheria kali ya India ya mambo ya kale mwaka 1972.

Makumbusho hayo yana pia nguzo za ukumbi wa hekalu la Madurai, kusini mwa India. Hizo si zake: zilinunuliwa na mtalii tajiri wa Philadelphia mwaka 1912, zikatolewa kwa makumbusho mwaka 1919, na Kramrisch alizikuta. Maoni yangu ni kwamba kila kitu kilichotoka nchi iliyokuwa chini ya mkoloni kinadai historia yake iandikwe wazi ukutani: kilitoka hekalu gani, nani alikiuza, kwa idhini ya nani. Mwanamke aliyetufundisha kwamba sanamu ni kiungo cha mwili wa hekalu ndiye aliyetupa hoja kali kuliko zote ya kuuliza kiungo hicho kinafanya nini mbali na mwili wake.

India yenyewe ilimtambua?

Ndiyo. Visva-Bharati ilimpa Desikottama, heshima yake ya juu, mwaka 1974, na serikali ya India ikampa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1982.

Ana uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Si wa moja kwa moja. Lakini alichokieleza kipo mbele ya macho yetu. Hekalu la Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu, la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1999 lilijengwa kwa mawe yaliyochongwa India na kusafirishwa, na lina minara ya shikhara juu ya vyumba vya miungu. Wahindu wengi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat, kunakotoka pia jamii ya Sompura, wajenzi wanaorithishana elimu ya hekalu baba kwa mtoto. Prabhashankar Sompura ndiye aliyesanifu hekalu jipya la Somnath, ambalo sanamu yake iliwekwa wakfu mwaka 1951, miaka mitano tu baada ya "The Hindu Temple" kutoka. Elimu aliyoichimbua vitabuni ilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Mkenya au Mtanzania anayetaka kumwelewa Kramrisch anaweza kuomba ruhusa, akavua viatu, akazunguka.

Nianze na kitabu gani?

Usianze na "The Hindu Temple". Wengi huchoka kabla ya sura ya tatu. Anza na "Exploring India's Sacred Art", mkusanyo wa makala zake uliohaririwa na Barbara Stoler Miller mwaka 1983. Mna wasifu wake, mna makala ya kantha, na kila makala inasomeka kwa jioni moja. Kisha nenda kwenye hekalu, na usome juzuu ya pili, ile ya picha, sambamba na ya kwanza. Kitabu cha Shiva kiache mwisho.

Nitaviona wapi vitu vyenyewe?

Kantha na sanamu nyingi za mkusanyo wake zinaonekana bure katika orodha ya mtandaoni ya Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, ambako cheo cha msimamizi wa sanaa ya India na Himalaya kimepewa jina la Kramrisch. Tafuta kwa jina lake pamoja na neno kantha, kisha vuta picha karibu mpaka uone mishono. Uzio wa Bharhut, ule wa tasnifu yake ya ujana, uko Calcutta katika Indian Museum. Sanchi na Khajuraho zote ziko Madhya Pradesh. Sanchi inafikika kwa gari kutoka Bhopal kwa safari ya saa moja hivi.